Mashauri ya Mama Arielle juu ya Meli Kubwa

Jenny hakungoja kukaribishwa. Alisukuma mlango wa bati, akapita katikati ya kuku, akasimama mbele ya Mama Arielle aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba.

"Mama Arielle, umeniua."

"Karibu, mwanangu," akajibu mama yule, mchi ukiendelea kupanda na kushuka. "Kumbe umerudi. Bato ilikuwa muzuri?"

"Bato gani? Minye niliona paka ngazi tu!"

Magoti yake yalikuwa bado yamevimba. Meli ile ya matembezi ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko jumba lolote la mji wetu wa Likasi, na Jenny hakuingia ndani ya asansere hata mara moja. Alipanda na kushuka kwa miguu, tena kwa ngazi za nyuma. Mama Arielle ndiye aliyemwagiza hivyo.

Na nani katika Likasi nzima angebishana na Mama Arielle kuhusu meli? Watoto wake wa Marseille humpeleka karibu kila mwaka. "Ile safari ni tamu," husema, "lakini inachokesha mwili na kichwa." Kabla ya kuondoka, Jenny alikwenda kumwomba mashauri, na mengine yalimfaa kweli. Aliambiwa aweke dawa na nguo za siku ya kwanza katika mfuko wa mkononi, maana sanduku kubwa huchelewa kufika chumbani. Lilichelewa. Aliambiwa atafune tangawizi kabla mawimbi hayajaanza. Tumbo likatulia. Basi mashauri yaliyobaki akayameza mazima.

Chumba chake kiwe mwisho kabisa, mbali na wenzake. Jenny alidhani huko meli haiyumbi sana. Asansere, hapana. Hapo aliwaza umeme kukatika, kwani sisi tunaishi karibu na bwawa la umeme la Koni na bado tunajua giza. Kabla ya kutoka mlangoni achungulie kwanza. Labda kuna wezi. Kitenge kikubwa kisitoke mabegani, na bwawa la kuogelea asilikaribie kamwe. Hiyo ilikuwa baridi, bila shaka. Lakini shauri la chakula lilimshinda. Ale mapema, wahudumu wakiwa bado wanapanga sahani, peke yake, nyuma ya nguzo, uso ukielekea ukuta. Hilo hakulielewa. Alilifuata tu.

"Na Rosalie?" akauliza Mama Arielle. "Alifurahi kukuona?"

Jenny akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na sauti yake ikapungua. Rosalie ni yaya yake, dada yake mkubwa, ndugu wa pekee aliyebaki. Yuko Liège, huko Ubelgiji, anaosha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Hana mume, hana mtoto. Walikuwa hawajaonana tangu Rémy, mwana wa Jenny, alipokuwa akinyonya, na sasa Rémy anakaribia kumaliza shule. Rosalie alijinyima mengi kulipia safari ile ya meli, ili wapate kukaa pamoja, wale, wazungumze mpaka wachoke.

"Kila siku alinitafuta ku meza," Jenny akasema. "Minye nilisha kula zamani, nimejifungia mu chumba. Siku moja akanikuta nyuma ya nguzo. Nikajifunika kitenge, sawa vile ulinifundisha. Alilia, Mama Arielle! Akaniambia: 'Juu ninaosha ba vieux, njo ninanuka? Njo maana hautaki kukula na minye?' Nikamwambia, yaya, hapana, ni desturi ya bato. Akasema ninamuchekelea. Tangu nirudi, hapokee simu yangu."

"Lakini ulikula nyuma ya nguzo?"

"Kila siku!"

"Uliniskia vizuri," akasema Mama Arielle, akatia majani mengine katika kinu.

Jenny alitaka kupiga kelele. Alijizuia kwa sababu ya umri wa yule mama, na kwa sababu alikuwa na haja naye.

"Mupigie weye. Namba yangu akiiona, anakata. Asikie kwa kinywa ya mutu mwenye kuzoea bato kama sikumukimbia. Akinitupa, minye nitabaki na nani?"

Mama Arielle akapangusa mikono, akatafuta miwani, akakuta imo kichwani, akapiga. Akaweka sauti ya nje. Simu ikalia, ikalia.

"Allô?"

"Rosalie, mwanangu, ni Mama Arielle, jirani ya Jenny. Usimukasirikie mudogo wako. Yote alifanya, ni minye nilimufundisha. Ni vile tunakaaka mu bato."

"Vile munakaaka?" Sauti ya Rosalie ilikuwa kavu. "Mama, pardon, minye nilikuwa mule. Batu bote banakula pamoja, banacheka, banaogelea. Paka mudogo yangu tu njo alijificha kama mwizi. Na tulikuwa babili tu, minye na yeye. Alikuwa anakimbia nani, kama haiko minye?"

Jenny akafunika uso kwa mikono.

"Babili tu?" Mama Arielle akamgeukia, akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa weye, nyuma ya nguzo ulikuwa unatafuta nini? Minye, ni bwana ya Arielle njo ananipelekaka. Ulitaka mukwe wangu anione nikitafuna?"