Pori Lisilo na Mwenyewe

Panga lilizama kwenye kibao, ubao ukapasuka katikati ya neno "pori".

"Mama, weka chini hilo panga!" Urbani, mlinzi wa bustani ya mimea ya chuo, alikuja mbio kutoka getini, rungu mkononi.

"Hata shikamoo huna?" Ephrasia alimuuliza.

"Nitakuamkia ukiwa nje ya uzio."

Miaka kumi na miwili walikuwa wakipishana pale Litembo bila salamu. Kila Jumapili, akienda kanisani, Ephrasia alikisoma kibao kile: *Bustani hii ilianzishwa katika pori lisilo na mwenyewe.* Leo alichoka kusoma.

Urbani alimpokonya panga, akamburuta hadi ofisini kwa Dokta Othmar, mkuu mpya wa bustani. Hata kwenye ngazi hakumlegezea mkono.

"Huyu ametuharibia kibao," alisema, akiliweka panga mezani. "Apelekwe polisi Mbinga, akalale huko."

"Shikamoo, mama," alisema Dokta. "Kuna nini?"

"Marahaba. Nionyeshe pori lenye ngolo!" Ephrasia alinyoosha kidole dirishani. Chini ya miti ya chuo, mashimo ya ngolo, yale wakulima wanayochimba mlimani kuzuia udongo usichukuliwe na maji, yalionekana bado, safu kwa safu, mteremko mzima. "Nililima pale mahindi na maharage. Kahawa ilikuwa kule juu, na kaburi la mume wangu. Nilikwenda Kihagara kumuuguza dada yangu. Kurudi, nakuta uzio, na huyu kasimama getini."

Urbani aligeukia ukutani. "Mwongo huyo, Dokta. Asikupotezee muda."

Dokta alifungua kabati, akatoa jalada la zamani, akalipekua taratibu.

"Mama, chuo hakikutunga maneno yale. Kuna mwanakijiji aliapa mbele ya kamati kwamba eneo ni pori na halina mwenyewe. Wiki ileile akapewa ajira." Akainua macho. "Urbani, sahihi hii si yako?"

Mlinzi alihamishia rungu mkono wa pili.

"Ulikuwa hujui kwamba shamba ni la mama huyu? Humfahamu?"

"Simfahamu," alisema Urbani.

Ephrasia alijifunga upya kitenge chake, akachukua panga lake mezani.

"Mwandike hivyo hivyo, Dokta, kwamba hanifahamu," alisema. "Mimi namfahamu. Ni kitinda mimba wangu."