Wajina

Kila nyumba iliruhusiwa watu wanne tu, na aliyewahesabu alikuwa mlango. Eliaichi alipopata mimba ya pili, nyumbani wakiwa tayari wanne, akalia, lakini mama mkwe wake, Bibi Nakunda, hakubabaika.

“Akiwa wa kike mpeni jina langu, kama desturi yetu. Huo mlango utatuona mtu mmoja.”

Na kweli uliwaona mtu mmoja. Tangu hapo bibi akienda kanisani, mjukuu hubaki ndani. Mjukuu akitoka kucheza, bibi hatoki. Wakaitana wajina, wakacheka kwamba wameipiga serikali chenga.

Asubuhi hii wako wawili tu nyumbani. Bibi anachambua mchele jikoni, mtoto anasukuma mlango, nao unamfungulia kwa adabu. Bibi anapofika, umeshajifunga. Dirishani anamwona mjukuu akikimbiza mpira kuelekea barabarani.

“Fungua!”

“Nakunda ameshatoka,” mlango unajibu kwa upole.

“Nakunda ni mimi!”

“Ameshatoka.”

Bibi anagonga kioo kwa viganja vyote viwili. Mtoto anageuka, anampungia mkono.

“Wajina, njoo basi!” anaita, kisha anaufuata mpira wake.