Bangili ya Mwanapili

Siku hizo eda ya aliyeachwa haikuhesabiwa kwa miezi. Alivishwa bangili iliyowaka nyekundu kila moyo uliposhtuka kwa jina la mume, na mlango wa nyumba haukufunguka kumtoa mpaka bangili ikae kijani siku saba mfululizo.

Mwanapili alikaa ndani mwaka mzima. Kila asubuhi somo wake, Bi Tatu, alichungulia dirishani na kutaja jina: "Shebe." Bangili ikawaka nyekundu. "Haya mwanangu, kakande unga."

Akakanda. Maandazi ya kwanza yangevunja kioo. Ya mwisho yaliufanya mtaa mzima upange foleni dirishani.

Siku ya saba ya kijani, Shebe mwenyewe akaingia bila hodi.

"Mke wangu, nimerudi."

"Nipishe, mafuta yanaungua."

Bangili ikabaki kijani, ikafunguka, ikaanguka. Mwanapili akaepua karai, akabeba sinia lake, akatoka nje akicheka.

Shebe akainama kuiokota. Ikamfunga mkono, na mlango nao ukajifunga.

Dirishani Bi Tatu akakohoa. "Mwanapili," akasema.

Nyekundu.

"Haya baba, kakande unga."