Nukta ya Taksi ya Bramwel

Habari hii niliipata kwa Twaibah, mkata tiketi wa stendi ya Mbale, Jumapili iliyopita tukimenya karanga. Sikuongeza chumvi.

Nangila alijibanza nyuma ya kibanda cha chapati, simu mkononi, roho juu. Siku hizi taksi za pale, vile vibasi vya abiria, zina chombo kinachosemezana na setilaiti, na abiria anaiona gari kwenye simu, nukta nyekundu inatambaa barabarani. Wengine huangalia nukta wasiachwe na gari. Nangila aliangalia nukta ya dereva Bramwel apate kuikimbia.

Tangu alfajiri simu ilipolia, hakuwa ameketi. Binti yake Norah yuko hospitali Jinja, saa nane wampasue wamtoe mtoto, naye amesema, "Siingii humo mpaka nimwone mama." Na gari iliyokuwa ikipakia ni ya Bramwel.

"Mama, nafasi si hiyo?" Twaibah akamwita.

"Heri niende kwa miguu."

"Kwani Bramwel amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Mtu mzuri sana."

Twaibah akacheka. Alikumbuka siku wawili hao walipokutana sokoni ghafla. Bramwel aliruka huku, Nangila akaruka kule, nyanya za watu zikamwagika.

Mara taksi ya Arnold ikapiga honi. Imebaki nafasi moja tu! Nangila akachungulia simu: nukta ya Bramwel imetulia palepale stendi. Akakimbia, akajitosa kiti cha nyuma, macho hayajatoka kwenye simu.

Kamonkoli, nukta iko Mbale. Tirinyi, bado iko Mbale.

"Asante Yesu," akanong'ona.

Gari ilikuwa haikanyagi chini. Daraja linapita, mpunga unapita, mbuzi anaponea chupuchupu.

"Wewe dereva, unatupeleka Jinja au kaburini?" mama mmoja akafoka.

"Mwacheni," kondakta akasema. "Ya kwake ilikuwa haijajaa, ndiyo maana wamebadilishana magari na Arnold. Mke wa huyu anapasuliwa saa nane."

Nangila akainua uso. Ndani ya kioo cha dereva, macho yakakutana na macho.

Bramwel akakisukuma kioo kikatazama paa. Nangila akajifunika leso kichwa chote, asimwone mkwewe wala mkwewe asimwone, maana kwao ni mwiko, akajifanya amelala, na kabla ya Iganga akawa amelala kweli.