Goti la Kushoto

Kabla ya kila mbio Chausiku alilipapasa goti lake la kushoto mara mbili, kama bingwa Siwema kwenye picha iliyobandikwa ukutani kwao. Leo Siwema mwenyewe, mgeni wa shule, alikuwa benchini akimtazama. Akamwita.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wewe, mama. Si ndiyo dua yako?"

Siwema alishusha pumzi. "Dua gani, mwanangu? Lilikuwa linauma. Miaka yote ile nilikuwa nalibembeleza tu, linifikishe."

Filimbi ikalia. Chausiku akarudi kwenye mstari. Mkono ukateremka wenyewe kuelekea gotini, kisha ukasita. Akageuka kumtazama bingwa wake. Kule benchini Siwema alikuwa amefumba macho, kiganja chake kikilisugua goti, polepole.