Majani ya Chini

Kabichi ya tatu kutoka mlangoni ilikuwa imekatwa tena. Majani mawili ya chini, yale mapana, yalikuwa yameondolewa kwa kisu, na kidonda chake bado kibichi.

Msimamizi wa hoteli alichuchumaa kwa taabu, tumbo likimzuia.

"Mzee, huyu si mbuzi. Mbuzi hana kisu."

"Kweli, bosi."

"Na nani huyo mwenye njaa ya kula mapambo? Machungu kama kwinini!"

"Labda hayali," alisema mtunza bustani.

Alikuwa hoi bin taabani. Ijumaa hoteli ilikuwa ipokee wageni wakubwa, na vyungu hivi vya kabichi za mapambo, nyeupe katikati na zambarau pembeni, ndivyo wangeviona kwanza. Kwa hiyo wiki nzima alifanya zamu mbili. Alitoka kwake soko halijafunguliwa, akarudi limeshafungwa. Mkewe naye hakubanduka nyumbani, alikuwa akimwangalia binti yao, aliyerudi kwao wiki iliyopita na tangu hapo hasemi na mtu.

"Ijumaa nikiona pengo hata moja, kazi huna," msimamizi alisema. "Miaka kumi na minane yako sitaiangalia. Leo ulale hapa, umvizie."

"Leo nina mgonjwa nyumbani, bosi. Niruhusu."

Msimamizi alisonya. "Haya, nenda. Akija tena, shauri yako."

Mzee alibaki peke yake. Kiuno kilimuuma, na moyo ulimuuma zaidi, maana kabichi hizi alizilea mwenyewe tangu zikiwa mbegu. Alivizungusha vyungu vyenye mapengo kimoja kimoja, vikaelekea ukutani. Akakaza kofia yake na kushika njia.

Alipofika kwake jua lilikuwa linazama. Aliingia, akavua kofia. Ndani yake mlikuwa na majani mawili mapana, ya zambarau.

Mkewe aliyapokea. Akayaponda kidogo kwa chupa, akaingia nayo chumbani.

"Fungua vifungo, mwanangu," mzee alimsikia akisema nyuma ya pazia. "Yabandike kifuani, yatapunguza."

Siku ya sita sasa maziwa yalikuwa yakimjaa binti, na mtoto wa kuyanyonya walishamzika.