Mahojiano Yaliyochelewa

Simu zilipoingia mwituni, Tausi akawa nyota. Konokono, mwenye kijarida cha nakala kumi, akafunga safari kwenda kumhoji. Kasuku, aliyemrusha Tausi mtandaoni kutwa kucha, akamcheka: "Mwenzangu, ukifika habari itakuwa imechacha!"

Kweli, alipofika alimkuta Tausi amenyonyoka mkia, mashabiki wamehamia kwingine. Konokono akamuuliza taratibu: "Ndugu yangu, wewe mwenyewe unapenda nini?"

Tausi akajibu: "Nimepigwa picha hata sijui ngapi. Hilo hajaniuliza mtu." Akayamwaga yote ya moyoni, hadi sauti ikamkauka.

Kisha akasihi: "Tafadhali, usiyachape kwanza. Ngoja mkia uote."

Konokono hakuacha kuandika. "Mkia ukiota," akasema, "utadai hatujawahi kuonana."